Picha ya Kumi na Mbili ya Mzee Mpiga Pasi

Nilianza kukusanya picha za mafundi wa Kiyahudi kwa sababu ya ugomvi wa suruali. Ndivyo ninavyomweleza kila mgeni anayepanda ngazi za nyumba yetu ya Kingstanding, hapa Birmingham, akasimama katikati, mguu mmoja juu na mwingine chini, akiwashangaa wauza samaki, waoka mikate na washonaji waliojipanga ukutani, weusi kwa weupe, ndani ya fremu. Wageni wetu wengi ni watu wa Unguja na Pemba. Wanatarajia kuona Kaaba, saa ya ukutani na picha ya mahafali ya mtoto. Vyote hivyo tunavyo, viko sebuleni. Ngazini ni kwangu.

Ugomvi wenyewe ulitokea dukani. Nina kiduka cha kurekebisha nguo Selly Oak, chembamba, kimebanwa kati ya kinyozi na wauza kuku wa kukaanga, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi hawana neno. Ukimkatia suruali ikawa fupi anakwambia huo ndio mtindo. Siku hiyo akaingia mzee wa Kizungu, mfupi, koti limemkaa vizuri kupita kiasi kwa mtu wa umri ule, amekuja kuchukua suruali niliyompindia. Hakuijaribu. Aliigeuza ndani nje pale pale kwenye kaunta, akaisogeza karibu na uso, akageuza shingo pembeni kama kuku anayetazama punje, akapitisha kidole gumba juu ya mshono wangu kutoka kiunoni mpaka chini. Halafu akaniuliza nani alinifundisha kupiga pasi.

Hasira zangu haziko mbali. Mume wangu husema zinakaa mlangoni, zimeshavaa viatu. Nikamjibu kwamba nilifundishwa na shangazi yangu, Ng'ambo, Unguja, fundi aliyewashonea maharusi wa mji mzima, na kama hakuridhika mafundi wako tele, aende. Hakukasirika hata kidogo. Akasema kushona nimefundishwa vizuri sana, mshono wangu hana la kuusemea, ila pasi sijui. Akazunguka kaunta bila kuomba ruhusa, akalowesha kitambaa, akakitandika juu ya mshono, akabonyeza pasi mpaka mvuke ukapanda, kisha akaomba kipande cha mbao. Sikuwa nacho. Akachukua brashi yangu ya nguo, akaukandamiza mgongo wake pale penye mvuke na kuushikilia mpaka joto likatoka. Alipouinua, mshono ulikuwa umelala kana kwamba kitambaa kilifumwa hivyo. Nilitaka niendelee kukasirika lakini sikuweza.

Kumbe mzee alikuwa mpiga pasi. Alifanya kazi maisha yake yote katika vyumba vya kushonea makoti vilivyokuwa nyuma ya kituo kikuu cha treni, mahali ambapo siku hizi pana mikahawa ya Kichina na maghorofa ya vioo. Mafundi wa huko walikuwa Wayahudi kama yeye, watoto wa watu waliofika mji huu wakikimbia mateso, hawana kitu ila kazi ya mikono. Yeye mwenyewe ni mtu wa Birmingham mpaka kwenye ulimi. Aliniita "bab", kama wenyeji wa hapa wanavyomwita yeyote wanayempenda, na mimi nikamwita Mzee. Nilipomweleza kwamba kwetu hilo ni jina la heshima alifurahi sana, akawa anajitambulisha hivyo kila akinipigia simu. Tulizungumza Kiingereza, chake cha kuvuta na changu cha kuunga, na tulielewana kwa sababu nusu ya mazungumzo yetu yalikuwa ya vidole juu ya kitambaa.

Alinikaribisha kwake Edgbaston nikachukue kibao chake cha kukandamizia mishono, kwa kuwa yeye hakihitaji tena. Nikaenda Jumatano mchana na vitumbua kwenye bakuli. Kabla ya kuonja aliniuliza nimekaanga kwa mafuta gani na ndani mna nini. Nikacheka, nikamwambia hayo ndiyo maswali yangu mimi kila ninapoalikwa na Mwingereza. Nikamtajia kila kilichomo, akala vinne.

Kibao alikuwa amekiweka mwisho wa korido, nami nikachukua karibu saa nzima kukifikia, kwa sababu ukuta wa korido ulikuwa na picha kumi na moja.

Kwanza nilidhani zimechorwa kwa penseli. Akanisahihisha. Ni chapa ya jiwe, lithografu. Mchoraji anachora juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta, jiwe linaloweshwa maji, halafu linapakwa wino. Wino nao ni wa mafuta, kwa hiyo unashika penye mchoro na kukataa penye maji. Karatasi inalazwa juu, inakandamizwa, picha inatoka. Mtu aliyewahi kuosha sufuria ya biriani kwa maji baridi haelezwi mara mbili. Zikishatoka chache, arubaini tuseme, jiwe linasuguliwa na picha ile haitoki tena.

Mchoraji alikuwa mwanamke mmoja aliyekuwa akiingia kwenye vyumba vyao vya kazi na mkoba wa karatasi, anakaa pembeni, anawachora wakiwa kazini. Baada ya miezi anarudi na chapa na kuwauzia wenyewe waliomo, kwa bei ya mfuko wa mfanyakazi. Anasaini mbele ya mnunuzi, juu ya meza ile ile ya pasi: kwenye ukingo mweupe chini ya picha, kushoto anaandika namba, ni ya ngapi kati ya ngapi, na kulia jina lake, kwa penseli. Mzee alinunua moja kila mwaka. Isiyokuwa na saini hakuitaka. Aliniambia picha isiyosainiwa ni karatasi iliyopita kwenye mashine tu, lakini iliyosainiwa, mkono wa yule mama umelala pale.

Nilisimama mbele ya picha ya wanawake watatu wanaoshona kola. Mmoja ameng'ata uzi pembeni mwa mdomo ili autie tundu la sindano, jicho moja limefumba. Niliijua sura ile. Ndiyo sura ya shangazi yangu kila siku ya Mungu, na mimi mwenyewe nikijiona kwenye kioo cha dukani. Sikutegemea kuikuta Edgbaston kwenye ukuta wa Myahudi, na nilifurahi mpaka nikamshika mzee wa watu mkono.

Ndipo akanieleza habari ya kumi na mbili, ambayo hakuwa nayo.

Inaitwa Ijumaa, Saa Tisa. Wakati wa baridi jua hapa linazama mapema, na Sabato yao inaingia na machweo, kwa hiyo Ijumaa ikifika saa tisa mchana cherehani zilizimwa na wanawake wakafagia nyuzi. Katika picha hiyo yumo msichana mshona vitundu vya vifungo. Amesimama ametupa mgongo, kitambaa cha kichwa kimemteleza shingoni, anachomoa pini kifuani moja moja na kuzirudisha kwenye kopo. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mkewe. Lakini mwaka ile picha ilipotoka walikuwa wamegombana. Msichana alimwambia mbele ya watu wote kwamba ameunguza koti mpaka linameta, na Mzee kwa kiburi chake akakataa kuinunua picha yenye mgongo wake. Walipopatana picha zilikuwa zimekwisha.

Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu kabla ya mimi kumfahamu. Picha zake za kamera zilijaa kabatini, za harusi, za sikukuu, za ufukweni, zote anatazama mbele na kutabasamu. Mzee alisema huyo si yeye, huyo ni mtu aliyeambiwa atabasamu. Meza ya pasi ilikuwa nyuma ya meza ya vitundu, na yeye kwa miaka alichokiona kila siku ni ule mgongo. Sasa macho yalikuwa yanamtupa. Katikati palikuwa pameingia ukungu, anaona pembeni tu, ndiyo maana anageuza shingo, na daktari amemwambia hata pembeni hapatabaki muda mrefu. Alitaka kuuona ule mgongo kabla macho hayajafunga. Alinieleza bila kujihurumia, akifuta sukari ya kitumbua kwenye koti.

Nikaifanya kuwa kazi yangu. Hakuniomba, lakini mimi mtu akinionyesha kitu kilichokatika sipati usingizi mpaka nikiunge.

Sijawahi kufurahia kutafuta kitu kama nilivyofurahia mwaka ule. Jumapili asubuhi nilimburuta mume wangu kwenye viwanja ambako watu hufungua mabuti ya magari na kuuza vya nyumbani kwao. Yeye alitafuta spana, mimi nilitafuta fremu. Niliingia kila duka la charity, yale yanayouza vitu vya mtumba kwa ajili ya misaada, kutoka Selly Oak mpaka kwetu, nikapekua nyuma ya mabeseni na magari ya watoto. Ya kumi na mbili haikuonekana, lakini zilionekana nyingine za mchoraji yule yule, na sikuweza kuziacha. Ya kwanza kununua ni ya wanawake wanaosugua ngazi za milango kwa magoti, visigino vya viatu vyao vimelika upande mmoja. Ya pili ni mwoka mikate anatoa tanuruni mikate iliyosukwa kama nywele. Ya tatu ni mama muuza samaki, mikono kiunoni, unamsikia kabisa anavyomjibu mteja. Ya nne ndiyo ninayoipenda kuliko zote: maandamano ya washonaji waliogoma, bendera mbele, na mmoja kati yao ameandamana na futi yake ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Mimi nimewahi kuhudhuria nikahi ya watu, mstari wa mbele, na futi shingoni.

Kila nikipata moja niliipeleka kwanza Edgbaston, kwani Jumatano zangu zilishakuwa za Mzee. Mzee aligeuza shingo, akaikagua kuanzia chini, kwenye saini, kisha akapanda juu. Alinionyesha namna ya kujua kama karatasi imeoshwa vibaya, na namna ya kusafisha ukingo uliochafuka kwa raba laini, taratibu, bila kugusa mchoro. Kisha tukanywa chai na kubishana nani kati ya wale watu wa pichani ana mkono mzuri wa kazi.

Nyumbani palitokea mazungumzo. Mume wangu hapendi picha za viumbe chumba tunachosalia, nami sikutaka kumkera. Nikamwambia sebule yako na kibla chako, ngazi niachie. Akakubali, lakini akapata la kusema kila siku. Alihesabu watu wote waliomo ndani ya fremu akatangaza kwamba nyumba hii ina wapangaji thelathini na mbili na hakuna hata mmoja anayelipa kodi. Baadaye nilimkuta amesimama ngazini na chai yake, anamtazama yule muuza samaki. Akasema anafanana na mama yake mdogo wa Mkunazini.

Mwishowe nilimaliza mji mzima na picha ikapatikana mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni kwetu. Nilikuwa nimeingia duka la charity la pale Kingstanding kutafuta sufuria. Nyuma ya ndoo na fagio niliona pembe ya fremu, nikaivuta, kioo kimepasuka na vumbi limeganda. Cha kwanza kuonekana kilikuwa saa ya ukutani, saa tisa kamili. Kisha fagio, nyuzi sakafuni, halafu mgongo, shingo, kitambaa kimeteleza, na mkono umeinuka kifuani unachomoa pini. Nilikaa kwenye kiti cha kuuzwa nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja, mpaka mama wa dukani akaja kuniuliza kama nahitaji maji. Nilipompigia Mzee simu nilimwambia tu kwamba kesho nakuja na kitu, avae koti zuri. Akauliza kitu gani. Nikakata simu kabla sijasema.

Sasa nikiri kilichotokea alasiri ile.

Chumba changu cha kushonea kiko juu. Nilikuwa nimemaliza magauni matatu ya wasindikizaji wa bibi harusi, na kama kawaida nilikuwa nafuta alama kabla ya kuyakabidhi. Hili shangazi alinitia kwa futi ya mbao juu ya vidole. Kila chaki, kila penseli, kila namba uliyoandika kwenye kitambaa lazima itoke, kwa sababu nguo ikienda na alama zako, alikuwa akisema, mteja amevaa makosa yako. Nimeyafuata hayo tangu sijaolewa. Basi nikayatundika magauni, nikaiweka picha mezani, nikatoa kioo kilichopasuka, nikachukua raba laini nisafishe ukingo kama Mzee alivyonifundisha. Simu ilikuwa inapiga taarabu na mimi naimba. Vumbi likatoka, karatasi ikaanza kung'aa. Kushoto kulikuwa na namba za penseli, kumi na saba kwa arubaini, kama zile ninazoandika kila siku kwenye mikono ya makoti. Kulia kulikuwa na mkwaruzo. Mikono yangu haikuniuliza. Nilipomaliza nilipuliza vumbi la raba, nikapangusa kwa kiganja, nikajisifu kwa jinsi palivyotakata, nikamwita binti yangu aje kuona.

Binti yangu amezaliwa mji huu. Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza. Aliinama juu ya meza, akaitazama kwa muda, akapendezwa. Kisha akauliza, "Mama, where's the signature?"

Saini! Raba nilikuwa bado nimeishika. Niliangalia ukingo, nikaangalia raba, nikakaa juu ya rundo la vitambaa. Na si kwamba sikujua. Ningekuwa sijui ningejisamehe. Mwaka mzima nilikuwa nimesomeshwa saini na mtu mwenyewe, na picha nne zenye saini ziko ngazini kwangu. Nilimwona shangazi akitikisa kichwa kuniridhia kwa kazi safi, na nikamchukia kwa dakika nzima, Mungu amrehemu.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini alinikuta hivyo. Alisikiliza yote, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. "Mzee wa watu haoni vizuri," alisema. "Mpe, afurahi na mkewe, basi. Nani ataumia?" Binti yangu naye alikuwa na wazo lake, kwamba niirudishe saini mwenyewe, kwani mfano si upo ngazini. Nitasema ukweli, nilijaribu. Nilimshusha muuza samaki, nikamlaza mezani, nikaiga ile saini nyuma ya bahasha. Kuiga mkato wa mtu ndiyo kazi inayonilisha. Ya saba ilikuwa nzuri. Ya nane, mchoraji mwenyewe angefufuka angeikubali. Nikanoa penseli, nikaisogeza kwenye ukingo mweupe, na ncha ikagusa karatasi. Lakini nilimsikia Mzee akisema mkono wa yule mama umelala pale. Ningekuwa naulaza wangu, halafu kila Jumatano nakula biskuti zake huku yeye anaupapasa akidhani ni wa mwingine. Nikaiweka penseli chini. Binti yangu akachukua raba, akafuta ile nukta niliyoiacha, na mimi sikuweza hata kumtazama.

Kesho yake nilimkuta Mzee amevaa koti la kijivu na tai. Picha niliitia kioo kipya. Nikailaza juu ya meza karibu na dirisha palipo na mwanga mzuri. Akainama, akageuza shingo kushoto, akageuza kulia, akitafuta pembe ambayo jicho lake bado linakubali. Nikajua alipompata, kwa sababu alitulia kabisa. Kidole chake kikaenda juu ya kioo, kikasimama hewani usawa wa shingo ya yule msichana, bila kugusa.

Kisha akaanza kucheka. Alicheka kama mtu aliyefunguliwa mlango na watu aliodhani wamehama. Akanieleza kwamba kile kitambaa cha kichwa kilikuwa hakikai hata siku moja, kwamba pini alizihesabu, zikipungua anamsimamisha kila mtu mpaka zipatikane, kwamba lile bega la kulia lilikuwa juu kidogo ya la kushoto kwa ajili ya kazi, na yule mchoraji aliliona, tazama, ameliweka. Aliniita nije nione bega. Nikaja nikaliona. Hata mimi nilisahau kilichonileta, nikacheka naye, na kwa muda nilifikiri pengine hatauliza.

Kidole gumba kilishuka chenyewe mpaka kwenye ukingo, kona ya kulia. Kikapita juu ya kioo, kikarudi. Akageuza shingo zaidi.

"Amesaini wapi?" aliuliza.

Nikamwambia. Nilisema yote kwa pumzi moja, magauni, vumbi, raba, bahasha yenye saini nane, mpaka ile nukta. Akaondoa kidole juu ya kioo. Alikuwa ameumia, na nilistahili kuona. Birika lililokuwa jikoni lilichemka likazimika lenyewe. Aliuliza kama namba nayo imekwenda. Nikasema imekwenda. Akauliza kama nilitumia raba laini. Nikasema laini, kama ulivyonifundisha. Ndipo akaniuliza kwa nini, si kwa ukali, kama fundi anavyomuuliza fundi, nami nikamweleza habari ya shangazi na futi juu ya vidole na mteja kuvaa makosa yako.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikainuka kumshika, kumbe anacheka tena, safari hii mpaka akatoa leso.

"Na mke wangu angeifuta," alisema. "Nakuapia, bab. Angeiona tu, angeifuta kabla hajavua koti."

Alipotulia akanieleza jambo ambalo hakuwahi kulisema. Mkewe alishona vitundu vya vifungo mpaka vidole vikapinda. Kila koti lilitoka na jina la duka kwenye kola, na yale ya matajiri yakatoka na jina la mwenyewe ndani ya mfuko. Yeye alifuta chaki yake, jina lake halikuandikwa popote, akachukua koti lingine. Akaniuliza kama nina penseli. Fundi hakosi penseli. Nikamtolea ya kwenye nywele, akaniomba niondoe kioo.

"Kumi na moja za korido zimesainiwa na aliyechora," alisema. "Hii itasainiwa na mwenye mgongo."

Aliniomba niweke kidole changu mahali pa kuanzia, kwenye kona ya kulia, asije akaandika juu ya nyuzi zilizofagiwa. Nikaweka. Akageuza uso upande wa dirisha ili aone anachofanya, na akiwa hatazami karatasi akaandika polepole jina la mkewe. Hakuandika la ndoa. Aliandika lile alilokuwa nalo Ijumaa ile, la baba yake, wakati wamegombana na hajui bado kama atamwoa. Herufi zilianza chini zikapanda kama watu wanaopanda ngazi, na ya mwisho karibu iguse fagio.

"Inasomeka?" aliuliza.

Nikamwambia inasomeka.

"Basi isome."

Nikalisoma lile jina lote, kwa ulimi wangu wa Unguja, pale mezani. Yeye alikuwa ameinama na shingo yake imegeuka, anamtazama msichana aliyetupa mgongo na kopo la pini.

"Isome tena," alisema. "Alikuwa hageuki mpaka aitwe mara mbili."

Nikalisoma tena, kwa sauti kubwa zaidi.